Soketi iko Kondoa, wewe uko Dodoma: kukata na kurudisha umeme kwa mstari wa amri

Saa nane usiku seva ya ofisi iliyoko Kondoa imeganda. Fundi yuko Dodoma mjini, kama kilomita 160 za lami kutoka kilipo kifaa, na kazi inayomsubiri huko ni ya nusu dakika: kuchomoa waya, kuhesabu hadi kumi na tano, kuchomeka. Vifaa vya kukata na kurudisha umeme kwa njia ya mtandao vipo kwa ajili ya usiku kama huo. Amri zake ni fupi, na aliyezoea terminali anazimudu kwa jioni moja. Kinachowaponza wengi ni mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye amri: hawajui wanagusa tabaka lipi, na hawajajiuliza ile njia inayobeba amri yao inakula umeme wa soketi ipi.

Kuzima kuko kwa namna nne

Tabaka la kwanza ni mfumo endeshi wenyewe: `sudo systemctl reboot`, basi. Programu zinafunga mafaili, hifadhidata inamaliza kuandika, diski zinatulia. Kama ssh (njia ya kuingia kwenye seva kwa terminali ukiwa mbali) bado inafunguka, hata ikichukua dakika nzima, baki hapa.

La pili ni BMC, yaani kompyuta ndogo iliyomo kwenye ubao mama wa seva. Inaishi kwa umeme wa akiba hata seva ikiwa imezimwa, ilimradi waya umechomekwa. Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO, na lugha inayozungumzwa na karibu zote ni IPMI, kupitia poti ya UDP 623. La tatu ni soketi ya PDU, ekstensheni inayopokea amri kwa mtandao, iliyomo ndani ya raki (kabati la seva). La nne ni UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ambayo ikizimwa inaondoka na kila kilichoning'inia chini yake, ukiwemo mtandao uliokufikisha hapo.

Unashuka tabaka moja baada ya jingine, na unashuka pale tu la juu liliposhindwa. Anayekimbilia soketi wakati seva ilikuwa bado inasikia ssh atalala na hifadhidata mbovu, kisha alfajiri atalazimika kupanda gari ile ile aliyotaka kuikwepa.

BMC: mlango wa kwanza kugonga

Kwenye Linux programu inayotumika zaidi ni `ipmitool`. Nywila iweke kwenye faili lenye ruhusa 600 na uliite kwa `-f`. Ukiiandika kwa `-P` inabaki kwenye historia ya terminali.

```
ipmitool -I lanplus -H 10.20.5.11 -U fundi -f ~/.bmc chassis power status
ipmitool -I lanplus -H 10.20.5.11 -U fundi -f ~/.bmc chassis power soft
ipmitool -I lanplus -H 10.20.5.11 -U fundi -f ~/.bmc chassis power cycle
```

`soft` ni sawa na kubonyeza kitufe cha seva mara moja: mfumo endeshi unapewa taarifa, nao unajifunga wenyewe. Upe dakika mbili. Ukiwa umeganda kabisa hausikii, ndipo unakwenda kwenye `cycle`, inayokata umeme wa ndani kwa angalau sekunde moja kisha kuurudisha. Ipo na `reset`, ambayo haikati umeme kabisa, inaanzisha tu mashine upya. Wengi huzichukulia `reset` na `cycle` kama mapacha, halafu wanashangaa kadi ya mtandao iliyokwama inabaki imekwama baada ya `reset`. Na `cycle` kwa mashine ambayo tayari imezimwa haina kazi. Hapo sema `on`.

Jambo la kufanya seva ikiwa bado mezani kwako, kabla haijapakiwa kwenye gari, ni hili:

```
ipmitool -I lanplus -H 10.20.5.11 -U fundi -f ~/.bmc chassis policy always-on
```

Inaiambia seva iwake yenyewe kila umeme unaporudi. Bila hiyo utawasha soketi, PDU itakujibu kuwa imewaka, na seva itakaa kimya ikisubiri kidole cha mtu. Mpangilio huo huo upo kwenye BIOS, ukipenda kuuweka kule. Mezani hapo hapo hakikisha pia kwamba IPMI ya mtandaoni imefunguliwa, kwa kuwa BMC nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimeifunga.

BMC nayo huganda. Dalili yake ni ping (kipimo cha kama kifaa kinafikika mtandaoni) kujibu huku `ipmitool` ikisubiri hadi ichoke. Ukiwa bado unaingia kwenye mfumo endeshi, `sudo ipmitool mc reset cold` inaianzisha upya bila kuigusa seva. Kama nako kumekufa, limebaki suala la soketi, kwa sababu umeme wa akiba unaoiweka hai BMC hauondoki mpaka waya ukatwe huko nje.

PDU: ekstensheni inayosikia amri

Chukua ekstensheni ndefu, ipe rilei kwa kila soketi na kompyuta ndogo yenye anwani ya IP: hiyo ndiyo PDU. Hapa mnunuzi awe macho. Kuna aina inayopima tu. Ina kioo cha namba, ina poti ya mtandao, ina hata ukurasa wa wavuti, lakini haiwezi kukata chochote. Unayoitaka ni ile inayokata soketi moja moja. Kwa APC, maelezo yake yataandikwa "Switched"; iliyoandikwa "Metered" ni ya kupima. Ukinunua mtumba wa Ulaya (si Mtumba ya hapa Dodoma kwenye mji wa Serikali) soma namba ya modeli kwenye kibandiko, usitegemee maneno ya muuzaji. Hakikisha pia ni ya volti 230, kwani zipo za soko la Marekani.

Hesabu ya mzigo haichukui muda. PDU ya ampea 16 kwa volti 230 inabeba VA (volti mara ampea) 3,680. Lakini fundi akikata plagi ya asili na kufunga ya pini tatu tunayoitumia majumbani, ndani yake kuna fyuzi ya ampea 13, kwa hiyo kikomo kimeshuka hadi 2,990. Seva saba za wati 350 zinakula karibu ampea 10.7 zikiwa zimetulia. Zikiwashwa zote kwa mpigo baada ya umeme kurudi, kishindo cha mwanzo kinaweza kuangusha breka hata kama hesabu ya kawaida inatosha. Ndiyo maana kila soketi hupewa kuchelewa kwake, kama utakavyoona chini.

Mara ya kwanza unaingia kwa waya wa siriali. Mwendo ni 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama, na udhibiti wa mtiririko uzime. Kebo yake ni ya peke yake. Ile ya bluu ya Cisco haisaidii. Kwenye Linux `screen /dev/ttyUSB0 9600` inatosha. PDU za zamani za APC huja na jina la mtumiaji `apc` na nywila `apc`, jambo linalojulikana na kila mtu duniani, kwa hiyo libadilishe kabla ya kuchomeka kebo ya mtandao. Kisha:

```
tcpip -i 10.20.5.2 -s 255.255.255.0 -g 10.20.5.1
boot -b manual
reboot
```

Kila amri hujibiwa kwa namba. `E000` ni mafanikio. `E002` ni mafanikio ambayo hayataanza kazi mpaka kadi ianze upya, na ndiyo utakayoiona baada ya `tcpip`. `E101` amri haipo, `E102` umekosea kigezo. Neno `reboot` peke yake huwatia watu hofu: linaanzisha upya kadi ya mtandao ya PDU tu, na soketi zinabaki kama zilivyo. Litakutaka uandike YES kwanza. (Dirisha la pembeni likiwa la seva ya Linux, neno hilo hilo linaiangusha seva bila kuuliza. Tofautisha rangi za madirisha yako.)

Ukikutana na menyu ya namba badala ya kidokezo cha `apc>`, umeshika programu ya zamani ya kadi hiyo, isasishe kwanza. Vifaa vya umri huo pia hugombana na ssh ya leo. Tangu OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021, saini za zamani za `ssh-rsa` hazikubaliwi mpaka uziruhusu mwenyewe:

```
ssh -o HostKeyAlgorithms=+ssh-rsa -o KexAlgorithms=+diffie-hellman-group1-sha1 fundi@10.20.5.2
```

Ruhusa hizo ziweke kwenye `~/.ssh/config` kwa anwani hiyo moja, usizifungulie dunia nzima.

Ukishaingia, kazi ya kila siku ni hii:

```
apc>olStatus all
E000: Success
 1: Ruta: On
 2: Swichi: On
 3: Seva-A: On
 4: Redio-mnara: On
apc>olRbootTime 4 20
E000: Success
apc>olReboot 4
E000: Success
```

`olName` hutoa jina, `olOn` na `olOff` zinajieleza, na `olRbootTime` hupanga sekunde za kukaa gizani. Tano za kiwandani hazitoshi kwa redio au ruta inayolishwa na adapta ya volti 12: kapasita za ndani hushika chaji, kifaa kinapepesa taa kisha kinaendelea na ugonjwa wake. Weka 15 hadi 20. Majina nayo yathibitishwe kwa macho siku ya kufunga: zima soketi moja, tazama ping ipi imekatika, washa, nenda inayofuata. Kibandiko kilichoandikwa na mtu aliyepanga waya kwa kubahatisha kitakuzimia hifadhidata ukidhani unazima printa.

Usikate tawi ulilokalia

Soketi namba 1 hapo juu inalisha ruta. Amri yako imepita kwenye ruta hiyo, ikaenda kwenye swichi ya soketi 2, ndipo ikaifikia PDU. Ukiandika `olOff 1`, PDU inatii mara moja, nawe huna tena njia ya kurudi kuandika `olOn 1`. Ni kilomita 160 kwenda na nyingine 160 kurudi.

`olReboot 1` ni jambo jingine kabisa, ingawa kwa haraka zinafanana. Hesabu ya sekunde inafanyika ndani ya PDU: inazima, inasubiri, inawasha, bila kuhitaji neno lingine kutoka kwako. Muunganisho utakatika, ssh yako itaganda, na baada ya dakika mbili tatu ruta itakuwa imerudi. Kwa hiyo kanuni ya soketi za njia ni reboot pekee, off isiwepo. Lakini kanuni iliyo kichwani haitoshi saa nane usiku. Tengeneza mtumiaji wa kazi za kawaida asiyekabidhiwa soketi 1 na 2 kabisa, na yule mwenye mamlaka yote aitwe kwa nadra. Eneo muhimu lipewe pia ruta ndogo ya 4G iliyounganishwa moja kwa moja na UPS, nje ya PDU, kama mlango wa uani.

Seva zenye pawa saplai mbili zina mtego wake. Zimechomekwa kwenye soketi mbili, mara nyingi kwenye PDU mbili tofauti, ili moja ikifa nyingine ishike. Ukireboot soketi moja hakuna kinachotokea. Ukireboot ya pili baada ya ya kwanza kurudi, pia hakuna kinachotokea. Lazima zote mbili ziwe zimezimwa kwa wakati mmoja: `olOff` huku, `olOff` kule, subiri sekunde 20, kisha `olOn` zote.

SNMP, kwa wanaotaka skripti

PDU nyingi hazipendi amri iliyobandikwa mwishoni mwa `ssh`, zinataka mtu aketi mbele yake. Kwa skripti inatumika SNMP, itifaki ya kusoma na kuamuru vifaa vya mtandao:

```
snmpset -v3 -l authPriv -u fundi -a SHA -A "$A" -x AES -X "$X" \
  -t 10 -r 0 10.20.5.2 .1.3.6.1.4.1.318.1.1.12.3.3.1.1.4.4 i 3
```

Namba 318 ni ya APC, tarakimu ya mwisho ni soketi, na `i 3` ni reboot. 1 ni kuwasha, 2 ni kuzima. Ukisoma kwa `snmpget` namba `.1.3.6.1.4.1.318.1.1.12.2.3.1.1.2.1` unapata mzigo kwa sehemu za kumi za ampea, yaani 74 ni ampea 7.4.

Usipite haraka kwenye `-t 10 -r 0`. SNMP hupita juu ya UDP, ambayo haina uhakika wa kufika, na `snmpset` isipopata jibu ndani ya sekunde 1 hutuma tena, hadi mara 5. Kwenye kiungo cha setilaiti za obiti ya mbali (geostationary), safari ya kwenda na kurudi peke yake inamaliza zaidi ya nusu sekunde, na mtandao ukijaa sekunde inapita. PDU inakuwa imeshapokea amri ya kwanza, kisha inapokea nakala. Kuwasha kilichowaka hakudhuru. Kureboot mara mbili kunaikata seva katikati ya kuamka, diski zikiwa zinakaguliwa. Ama zima kurudia kama hapo juu, ama skripti itume 2, isubiri, isome hali, ndipo itume 1. Njia hii ya pili, bila shaka, si ya soketi ya ruta.

Umeme wenyewe unapoyumba

UPS inasomwa kwa NUT (Network UPS Tools), programu ya kusimamia UPS inayosikiliza kwenye poti ya TCP 3493. Nyingi za bei nafuu zilizo madukani zinaelewana na kiendeshi cha `nutdrv_qx`. Nyingine hutaka `usbhid-ups`.

```
upsc kondoa@localhost ups.status
upsc kondoa@localhost input.voltage
```

`OL` ni umeme wa gridi, `OB` ni betri, `LB` betri inaisha. Volti zikicheza kwenye 180 kila jioni, laini ni ndefu au imelemewa, na UPS huenda inachosha betri kufidia. Ikionyesha `OB` kwa saa nyingi huku majirani wana taa, kabla hujalaumu TANESCO uliza salio la LUKU. Uniti unaweza kuzinunua kwa simu ukiwa popote, ila kwa mita nyingi zile tarakimu 20 lazima zibonyezwe huko huko, na usiku mwenye vidole karibu ni mlinzi.

`battery.charge: 100` isikupumbaze. Betri iliyokufa hujaa upesi kwa kuwa haina nafasi ya kujaza. Kipimo cha kweli ni `upscmd -u fundi kondoa test.battery.start.quick`, kwa UPS zinazoikubali, na kifanyike mchana wa siku ya kazi. Joto ndilo mlaji mkuu: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri ya risasi hupungua karibu nusu, na chumba cha bati kilichofungwa mwezi wa Novemba kinazifikisha bila shida. Matundu ya hewa yakizibwa na vumbi la kiangazi, ndiyo basi.

Kwenye orodha ya `upscmd -l` kuna maneno matatu yanayokaribiana. `shutdown.return` inazima, kisha inawasha tena gridi ikiwepo. `shutdown.stayoff` inazima na kubaki imezima mpaka mtu abonyeze kitufe. `load.off` inakata mzigo papo hapo. Kwa eneo la mbali tumia ya kwanza tu.

Kuna fumbo linalowasumbua hata wazoefu. Betri inaisha, seva inajifunga kwa adabu, na sekunde hiyo hiyo gridi inarudi. UPS haijawahi kukata, kwa hiyo seva haikuona umeme ukiondoka, na ile `always-on` haina cha kuitikia. Asubuhi kila kitu kina umeme na seva imelala. Tiba ni kuiacha NUT imalize kazi kwa `upsdrvctl shutdown` mwishoni mwa kujifunga, ili UPS ikate hata kama gridi imesharudi, kisha iwashe upya baada ya sekunde ulizopanga kwenye `ondelay`.

Kwa PDU, `devStartDly 180` inazifanya soketi zisubiri dakika tatu baada ya umeme kurudi. Masika hapa yenye radi yanaposumbua laini, umeme hurudi, unaondoka, unarudi tena. Dakika tatu hizo huokoa diski. Halafu `olOnDelay` hupanga zamu: ruta 0, swichi 5, hifadhi ya diski 20, seva 60.

Kufunga milango

Hakuna kati ya vifaa hivi kinachotakiwa kuonekana kwenye intaneti. IPMI 2.0 ina kasoro ya muundo inayojulikana tangu 2013 kama CVE-2013-4786: anayejua jina la mtumiaji huletewa na BMC yenyewe heshi ya nywila (alama iliyokokotolewa kutoka kwenye nywila), akaenda kuivunja kwake taratibu. Haina kiraka, ni itifaki ilivyo. Tumia nywila ndefu (kikomo ni baiti 20), VLAN (mtandao uliotengwa) ya usimamizi peke yake, na VPN (njia ya siri ya kuingilia) mbele yake. Telnet izimwe, na SNMP v1 yenye neno `private` iondolewe.

Siku ya kufunga, kabla hujawasha gari, kaa pembeni ya raki na simu yako ikiwa kwenye data ya mtandao wa simu, ingia kwa VPN kama ungefanya ukiwa Dodoma, na uandike `olReboot 1`. Pima muda hadi ping irudi. Isiporudi, bado uko hapo. Ikirudi, andika dakika hizo kwa kalamu isiyofutika kwenye karatasi ndani ya mlango wa raki, pamoja na namba ya kila soketi na kinachochomekwa hapo, kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa tochi ya simu. PDU nayo ina siku yake ya kufa, na siku hiyo atakayeelekezwa kwa simu achomoe waya ni yule yule mlinzi wa tarakimu 20.